Mutai Hafichwi

Kimotho alikalia kiti changu saa tisa mchana wa Ijumaa, siku moja kabla ya watu wake kuja kwa baba kuniulizia, na nilijua tangu alipovuka mlango kwamba kuna neno amelimeza. Mwanamume anayenyolewa hawezi kuficha kitu. Shingo inasema. Yake ilikuwa imekaza, na mimi shingo ya Kimotho naijua kuliko mwenyewe anavyoijua.

"Umekula?" nilimuuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Rodah, ninyoe tu."

Nikamfunga kitambaa shingoni. Kwenye benchi alikuwa amekaa Obure, fundi wa viatu wa mlango wa pili, eti anangoja zamu yake. Obure ana upara. Huja kwangu kila siku kusikiliza habari za watu, na ukimuuliza amekuja kunyolewa nini, anasema ndevu. Ndevu zenyewe ni kama saba.

Hapa Mogogosiek mimi ndiye mwanamke wa pekee mwenye duka la kinyozi. Wateja wapya huingia, wakaniangalia nikiwa na mashine mkononi, halafu wakauliza kinyozi mwenyewe ametoka saa ngapi. Kimotho hakuuliza. Miaka miwili iliyopita aliingia akiwa na vumbi la chakula cha ng'ombe begani, maana ana duka la dawa za mifugo kule Mulot na alikuwa ameleta mzigo huku kwetu. Akaketi, akasema, "Punguza hapa na hapa, nakuamini," kisha akafumba macho na kulala. Nilimnyoa akiwa usingizini. Nilipomaliza sikumwamsha upesi. Nilisimama nyuma yake nikamtazama kwenye kioo, kope ndefu kama za ndama, nikajiambia kwa jina langu la nyumbani, Chelangat, leo umepatikana. Na kweli nilikuwa nimepatikana. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa kichwa chake.

Niliwasha mashine nikaanza upande wa kushoto. Nje, akina mama walikuwa wakipita na vikapu vitupu kutoka kituo cha kupimia majani ya chai, wakicheka kwa sauti. Nilifanya kazi taratibu. Kesho ilikuwa koito yetu, ile siku watu wa kijana huja nyumbani kwa msichana, wakaulizwa ukoo wao na nia yao, na nilitaka wajomba zangu wamwone Kimotho akiwa amechongwa vizuri. Mama alikuwa ameshapaka vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, masizi tangu Jumatatu. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Mimi sina aibu ya kusema kwamba wiki nzima nilikuwa nikitembea nikiimba.

"Mama yangu ameuliza kama Mutai atakuwepo kesho," Kimotho alisema.

"Atakuwa wapi tena? Si ni kwao?"

Shingo ikakaza zaidi.

Mutai ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana miaka kumi na saba. Kama unatumia simu huku kwetu umewahi kumwona. Anajiita Mutai wa Majani, na watu elfu arobaini wanamfuata. Utamwona katikati ya shamba la chai, kikapu mgongoni, shati jeupe, tai shingoni, nywele nimemkata mimi kwa mkono wangu, akieleza kwa nini ukichuma jani la nne unaharibu kazi ya wenzako. Mara anaonyesha jinsi ya kupiga pasi suruali kwa pasi ya makaa. Mara anacheza tu, na majani yanacheza naye. Na kila siku, chini ya kila video, kuna mtu anauliza: wewe ni msichana ama ni kijana? Mutai aliandika jibu moja akaliweka juu kabisa, kila mtu alione: Mimi ni Mutai.

"Mama anadhani ni kijana," Kimotho alisema.

"Wengi wanadhani. Wengine wanadhani ni msichana. Wengine hawadhani kitu, wanaangalia tu."

"Rodah, ni mimi nilimwambia."

Niliendelea kunyoa, lakini polepole.

"Ilipita kwa grupu yao ya kanisa, ile video ya kufunga tai," akasema. "Akaniuliza, 'Huyu kijana msafi hivi ni wa nani?' Nikasema ni ndugu ya Rodah. Akafurahi vibaya sana. Ati kumbe unatoka kwa watu wameinua kijana ana adabu. Sasa hapo ningesema nini? Nikanyamaza."

"Ukanyamaza lini?"

"Desemba."

"Kimotho. Hii ni Agosti."

"Najua ni Agosti."

"Hiyo si kunyamaza," Obure alisema kutoka kwenye benchi. "Hiyo ni kulala."

"Obure, wewe ngoja ndevu zako," nikamwambia.

Kimotho alinitazama kwenye kioo. Kope zake ndizo zilizoniponza siku ile ya kwanza, na hata sasa nikiwa nimeanza kuudhika, zilinigusa pale pale. "Anamwombea kila Jumapili," alisema. "Kwa jina. 'Bwana mlinde kijana Mutai.' Amewaambia wajomba wangu wote wanakuja kuona ndugu ya bibi arusi ni mtu wa maana. Halafu jana jioni Mutai akaweka ile video mpya."

Ile video niliiona ikitengenezwa, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika simu. Mutai alikaa juu ya kreti kando ya shamba, jua likielekea kuzama, na akasema maneno ambayo hakuwahi kuyasema mbele ya watu. Alisema alizaliwa akaitwa Chemutai. Alisema hajawahi kumwambia mtu kwamba yeye ni kijana, na hajawahi kusema yeye ni msichana, amesema jina lake na kazi yake. Nguo hizi ndizo anazojisikia yeye akiwa ndani yake. Kesho atajielewa zaidi, labda, lakini leo ni Mutai na yuko sawa. Kisha akaongeza kwamba Jumamosi nyumbani kuna wageni, na hataki mtu afike kwao akidhani yeye ni mwingine.

"Mama huweka bundles za intaneti Ijumaa jioni," Kimotho alisema. Sasa alikuwa anaongea haraka. "Bado hajaiona. Nimefikiria usiku wote, Rodah. Mutai aifute tu hiyo moja. Zingine zibaki. Halafu kesho aende kwa shangazi yenu Soin, siku moja tu, tuseme ana mitihani. Wazee wakishapatana, nitaeleza Mama polepole. Naapa nitamweleza."

Nilizima mashine.

Kwenye kioo tulionekana wote wawili. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa laini, mstari umenyooka mpaka sikioni. Upande wa kulia ulikuwa msitu mtupu. Niliiweka mashine mezani, nikavuta kile kistuli changu, nikaketi na kukunja mikono.

"Rodah?"

"Sema tena."

"Nini?"

"Hiyo uliyosema. Sema tena, uisikie."

Obure alikunja miguu vizuri kwenye benchi, kama mtu aliyenunua tiketi.

"Si eti namchukia," Kimotho alisema mwishowe. "Wewe unajua. Nani alimnunulia ile taa yake ya kurekodi? Si ni mimi? Mimi sina shida na Mutai."

"Huna shida naye akiwa Soin."

"Siku moja!"

"Kimotho, nisikilize." Sikupandisha sauti. Nikikasirika kweli huwa natulia, na yeye anajua hivyo, ndiyo maana akaanza kuvuta kitambaa shingoni. "Mutai alipokuwa na miaka kumi na minne alikuwa haongei. Unajua hiyo? Anatoka shule anaingia kwa chumba, anakaa. Mama akadhani ni minyoo, akampa dawa. Mchungaji akaombea. Chakula anakula vijiko viwili. Siku moja ya mvua akaingia hapa, akaketi hapo umeketi, akaniambia, 'Siz, nyoa zote.' Nikauliza Mama atasema nini. Akasema, 'Nyoa.' Nikanyoa. Akajiangalia kwa hiyo kioo, akacheka. Mimi nilikuwa nimesahau vile anacheka."

Hapo nikachukua brashi, nikaipangusa mashine. Mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja.

"Kuna watoto wanamwandikia," nikaendelea. "Mmoja aliandika ati alikuwa ameacha shule, ameona Mutai na tai yake, amerudi. Mutai anajibu kila mmoja. Na hiyo video unataka ifutwe, unajua aliitengeneza kwa sababu gani? Ni sababu yako. Ni ya koito yetu. Alisema, 'Siz, watu ya Kimotho wasije wakaona wamedanganywa, wakakurudisha kwa sababu yangu.' Yeye alikuwa anatulinda, mimi na wewe. Sasa wewe unataka umlipe na safari ya Soin."

Kimotho alisimama. Akavua kitambaa, akakitupa kwenye kiti, akaelekea mlangoni kwa hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani. Alipofika kizingitini, kundi la vijana wa bodaboda nje lilimwona kichwa. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akauliza kama stima zimepotea. Kimotho akarudi ndani akaufunga mlango.

"Kaa tu," Obure alimshauri. "Huko nje ni baridi kwa kichwa kama hicho."

Akaketi kwenye benchi kando ya Obure, nusu bwana harusi, nusu msitu, na kwa kweli nilitaka kucheka. Nilitaka pia kwenda kumshika hicho kichwa kwa mikono miwili na kukiweka kifuani mwangu. Mapenzi hayangoji hasira iishe. Lakini nilikaa kwenye kistuli changu.

"Wewe humjui Mama akinuna," alisema kwa sauti ya chini. "Baba alikufa nikiwa darasa la nne. Alinilea akiuza viazi kando ya barabara, mvua ikinyesha, jua likiwaka, hajawahi kosa kunilipia shule. Akinuna, nyumba yote inanuna. Redio inazimwa. Hata jogoo hawiki. Mimi nimekuwa mwanaume mzima nikijua kitu moja tu, Mama asinune."

"Najua."

"Nikikukosa wewe nami sijui nitafanya nini. Nakupenda mpaka najishangaa. Ndiyo nikafikiria, hii siku moja ipite tu."

"Hata mimi nakupenda, Kimotho. Sitakuficha. Nikisikia gari kama yako inapita hapa nje, mkono unateleza na wembe uko kwa ndevu ya mtu. Uliza Obure."

"Ni kweli," Obure alisema, akagusa kidevu.

"Lakini nikimficha Mutai kesho, utaniambia nimfiche siku ya harusi. Halafu tukibatiza mtoto. Halafu kila Krismasi. Mwishowe nitakuwa na mdogo ninayemwona kwa simu tu, kama hao elfu arobaini. Mimi huyo siwezi kuwa. Afadhali nibaki na kinyozi yangu, nilie mwaka mmoja, halafu ninyamaze. Kuwa dada wa kumficha Mutai siwezi."

Hapo mlango ulifunguliwa na Mutai akaingia akiwa na chupa ya chai mkononi.

Alikuwa ametoka shambani. Viatu vya mpira vilikuwa na matope, na juu ya shati lake alivaa koti la baba la rangi ya kahawia, lile la miaka ya harusi yake na Mama. Baba si mtu wa maneno. Mwanzoni alikuwa akimwona Mutai na suruali anageuza uso, anaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Halafu siku moja alilitoa hilo koti kwenye sanduku, akalikung'uta vumbi, akasema, "Kama ni lazima uvae koti ya mwanaume, vaa ya mtu ninamjua." Hajasema lingine mpaka leo, na halikuhitajika lingine.

"Mama amesema mkunywe ikiwa moto," Mutai alisema. Kisha akamwona Kimotho. Akaangalia kile kichwa, akaniangalia mimi, akaangalia mashine iliyozimwa. Mtoto huyu amesoma nyuso za watu tangu utotoni, ilimbidi. "Ni ile video?"

Obure aliangalia dari.

"Ni ile video," alisema tena, na safari hii haikuwa swali. Akaiweka chupa mezani. "Mama yako ameona?"

"Bado," Kimotho alisema. Hakuweza kumtazama.

"Basi iko rahisi. Naifuta saa hii." Mutai alikuwa ameshatoa simu. "Na kesho naweza enda kwa shangazi Soin, si anataka mtu wa kumsaidia na mahindi? Kimotho, usiwe na stress. Siz akiolewa mimi niko sawa. Nitaona mapicha."

Alisema hivyo akitabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza. Lilikuwa la yule mtoto wa vijiko viwili.

"Weka simu kwa mfuko," nilimwambia.

"Siz, ni siku moja."

"Mutai. Weka simu kwa mfuko. Hufuti, na huendi Soin. Ukienda Soin kesho mimi naenda na wewe, na hao wageni watapokewa na mbuzi."

Kimotho alikuwa amemtazama sasa. Nilimwona akimtazama kweli, matope na koti na kidole gumba kikiwa bado juu ya kioo cha simu, tayari kujifuta. Uso wake ulibadilika. Wengi huona haya wakakasirika. Kimotho aliona haya akainama. Hapo ndipo nilipojua sikukosea ile siku alipolala kwenye kiti changu.

"Pole," alimwambia Mutai. "Ni mimi nilisema uende. Sikufaa kusema."

"Ni sawa."

"Si sawa. Acha kuniambia ni sawa."

Akatoa simu yake, akapiga, akaiweka sauti ya nje juu ya benchi ili wote tusikie. Ililia mara nne.

"Kimotho, umenyolewa?" Sauti ya mama yake ilikuwa na furaha, na nyuma yake tulisikia watu wa duka lake la nafaka wakishusha magunia.

"Nusu, Mama. Mama, kuna kitu nilikuambia Desemba na haikuwa vile."

Akamweleza. Hakuzunguka. Alisema Mutai alizaliwa msichana, akaitwa Chemutai, anavaa na kuishi vile mwenyewe anavyojiona, na kwamba Mutai hajawahi kudanganya mtu. "Ni mimi nilikudanganya," alisema. "Nilikuachilia uamini. Na kesho atakuwepo."

Magunia yaliendelea kushushwa. Tulisikia mtu akihesabu kwa Kikuyu.

"Zacheus," alisema mama yake. Nikajua mambo yameharibika, kwa maana hilo jina alilitumia kwa ubatizo na kwa kesi tu. "Nimesimama mbele ya akina mama wa kanisa. Kila Jumapili. Nikisema kijana."

"Najua, Mama."

"Hujui." Na simu ikakatika.

Obure, ambaye hana adabu lakini ana moyo, alimmiminia Kimotho chai. Kimotho hakuinywa. Alikaa ameishika simu kwa mikono miwili, na nilimwacha, kwa sababu kuna mahali mtu lazima afike kwa miguu yake. Kisha nikaona anafungua ile video. Sauti ya Mutai ikajaza kinyozi: sitaki mtu afike kwetu akidhani mimi ni mwingine. Kimotho akaanza kuandika. Anaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anayebandika stempu.

"Unaandika nini?" Mutai aliuliza.

Simu ya Mutai ikalia mfukoni. Akaisoma, akanipa. Chini ya ile video, mbele ya watu wote, mbele ya grupu ya kanisa la Mulot na wajomba na wateja wa dawa za ng'ombe, kulikuwa na maneno mapya: *Huyu ni shemeji yangu. Kesho naenda kwao kuomba dada yake. Wakinikubali, mimi ndiye nimebahatika. Zacheus Kimotho, Mulot.*

"Umeweka mpaka Mulot," Obure alisema kwa heshima.

"Ndiyo kwetu."

"Kama Mama hatakuja?" nilimuuliza.

"Nitakuja na wajomba. Wajomba wakikataa nitakuja peke yangu, nisimame kwa lango mpaka baba yako achoke." Aliinuka, akaokota kitambaa, akanikabidhi. Mkono wake ulikuwa baridi, nikaushika zaidi ya ilivyohitajika. "Lakini hata nikija peke yangu, Rodah, tafadhali, si na hii kichwa."

Mutai alicheka. Si lile tabasamu la kuaga, kicheko chenyewe, cha tumboni, na Kimotho akamfuata, na Obure akamwaga chai. Nilimketisha Kimotho kitini, nikawasha mashine, nikaanza upande wa kulia. Shingo yake ilikuwa imelegea. Nilimnyoa taratibu kuliko nilivyowahi kumnyoa, vidole vyangu vikikaa nyuma ya sikio lake muda mrefu bila sababu yoyote ya kazi, na kwenye kioo macho yetu hayakuachana.

Nilikuwa karibu na kipaji cha uso simu ilipolia. Ilikuwa yangu, si yake. Niliitazama mara mbili. Mama Kimotho.

"Rodah."

"Naam, Mama."

"Huyo mtoto wangu yuko hapo?"

"Yuko hapa kwa kiti."

"Usimpe. Nimepiga kwako." Safari hii hapakuwa na kelele za magunia. Nadhani alikuwa ameingia chumba cha ndani. "Nimeweka bundles mapema. Nimeangalia huyo mdogo wako. Nimeirudia mara tatu. Ati hataki mtu afike kwenu akidhani yeye ni mwingine."

"Ndivyo alisema, Mama."

"Mimi nimezaa mtu wa miaka ishirini na nane, na hakuniambia. Ni mtoto wa miaka kumi na saba ameniambia."

Kimotho alikuwa amefumba macho. Mutai alisimama kando ya mlango, mikono ndani ya mifuko ya koti, haoni mbele wala nyuma.

"Sitakudanganya, Rodah," aliendelea. "Hiyo mambo sijaielewa. Na sijafurahi."

"Sijakuambia ufurahi, Mama."

"Wewe una mdomo."

"Ninao, Mama. Na ndio huyu wako anataka kuoa."

Nilisikia pumzi ikimtoka puani, na sijui ilikuwa hasira au nini. "Nimeona na vile ameandika," alisema. "Mbele ya watu wote. Ukaidi wa baba yake tupu." Kisha sauti ikawa ya mwanamke aliyechoka ambaye ameshaamua. "Kesho saa nne tutakuwa kwenu. Lakini usitarajie nicheke."

Nilimtazama Mutai. Alikuwa amesikia, maana sauti ya Mama Kimotho ilifika mpaka mlangoni, na sasa anatikisa kichwa, ananinong'oneza kwa midomo kwamba atakaa jikoni, atakaa nyuma na ng'ombe, sitamsikia.

"Njoo hata ukiwa umenuna, Mama," nilisema kwa sauti, wote wasikie. "Chai iko na kiti iko. Na mkifika msipige honi. Mutai ndiye atawafungulia lango."